Sema Data, Leticia

Kwa wale mliokosa gazeti la wiki iliyopita, hamkukosa heri yoyote. Kazi yangu ya Arusha ilikwisha, Kenneth aliyekuwa anichumbie mimi akamchumbia binamu yangu, na mimi Severina nikarudi Manyara na kompyuta ambayo kifuniko chake kimeshikiliwa na plasta ya kidonda. Mama kule Masieda alinitazama akasema, "Umekonda." Halafu akanipa jembe.

Ndipo nikapata nafasi Katesh, kwenye mradi wa kuwafundisha wanawake wa vijijini kazi za kompyuta. Cheo changu ni dada mwenza. Maana yake, mwanamke aliyewahi kufanya kazi hizo anapewa mwenzake ambaye hajawahi, wanakaa benchi moja mpaka huyo wa pili aweze kusimama mwenyewe. Mimi nilipewa Leticia, Mdatoga, mama wa mtoto mmoja, kamaliza kidato cha nne, kaolewa Hirbadaw.

Kampuni moja ya Arusha inatengeneza mfumo wa simu kwa ajili ya wafugaji. Kundi letu lote lilipewa nafasi moja ya ajira. Moja. Wengine walichujwa, akabaki Leticia, na usaili wa mwisho ukapangwa Ijumaa. Akipita, yeye anaajiriwa na mimi nabaki kufundisha kundi lijalo. Akianguka, yeye anarudi Hirbadaw na mimi narudi kwenye jembe.

Niliishia pale nilipokuwa nimeshika simu, nimevimba kwa hasira, namrekodia mratibu wetu ujumbe wa sauti. Leo nawaambia nilichosema.

"Bwana Eliakimu, shikamoo. Huyu Leticia hajui data. Data! Nimemfundisha data, nimemwandikia data ubaoni, nimemwuliza data asubuhi na mchana. Neno data halijawahi kutoka mdomoni mwake. Sasa mtu asiyejua data atafanyaje kazi ya data?"

Nikaachia kidole. Ujumbe ukaenda.

Nirudi nyuma kidogo muone kama nilikuwa na haki ya kukasirika. Mimi bado naona nilikuwa nayo, kidogo.

Ilikuwa Jumatatu, tuko ukumbini Jorodom, hapo hapo Katesh, ule ukumbi ambao mstari wa tope la maporomoko ya mlimani bado uko ukutani usawa wa dirisha. Kila mgeni akija anaahidi kuleta rangi.

"Leticia, tunarudia somo la kwanza. Mfugaji kapiga simu, kasema ng'ombe wake wamechanjwa. Hicho alichotuambia tunakiitaje?"

"Mbichi."

"Mbichi nini?"

"Ile mbichi, dada. Ambayo haijapikwa."

"Inaitwa data."

Akaitikia kwa kichwa.

"Sema data."

Leticia akaanza kuangalia kucha zake.

"Haya. Tukizikusanya za wafugaji wote, tukapiga hesabu, tukajua kata nzima imechanja kiasi gani. Hiyo nayo?"

"Hiyo imeiva. Hiyo ni taarifa."

"Ahaa! Kumbe taarifa unaijua. Na ile nyingine ambayo siyo taarifa?"

"Si ndiyo hiyo mbichi, dada."

Nikadhani ananitania. Mimi nimekulia Masieda, mambo ya mbichi na iliyoiva nayajua vizuri, lakini kule tulikuwa tunapika makande.

"Na mahali tunapozihifadhi zote?"

"Zizi."

"Kanzidata!"

"Zizi," akasema tena, kwa adabu kubwa.

Nikafungua kazi yake kwenye kompyuta. Kila mahali nilipokuwa nimeandika data, yeye kaandika mbichi. Moyoni nikasema leo nimemkamata, maana ukibadilisha jina huku ukasahau kule, programu inagoma. Nikaiendesha makusudi ili igome mbele ya macho yake.

Haikugoma. Ilifanya kazi vizuri kuliko ya kwangu, na hilo ndilo lililonikera kabisa. Nikatoka nje, nikasimama kwenye upepo wa Katesh, nikarekodi ule ujumbe kwa sauti ya kushindana na upepo. Dirisha lilikuwa wazi. Sikuliangalia.

Baada ya muda mfupi Bwana Eliakimu akapiga simu. Huyu baba ametokea Ruvuma, kahamishiwa huku miaka mingi, ni mtu wa kanuni mpaka anavyokunja leso.

"Severina, nakushukuru kwa uwazi wako. Nimeituma Arusha."

"Umetuma nini?"

"Sauti yako. Madam Evelyne, yule atakayefanya usaili, anataka kumfahamu mtahiniwa vizuri."

"Bwana Eliakimu, ile ilikuwa ya kwako!"

"Ndiyo maana nimeituma yote, sikukata hata kidogo. Nisingependa kubadilisha maneno ya mtu."

Nikakimbilia kuifuta. Simu yangu ikasema ujumbe umefutwa kwa wote. Ile ya Arusha haikufutika.

Jumanne Leticia hakuja. Nikampigia, simu imezimwa. Nikawauliza wenzake ukumbini, wakaangaliana, mmoja akaniambia, "Madam, wewe ukirekodi unapaza sauti sana."

Jumatano nikapanda bodaboda mpaka Hirbadaw. Njiani nilikuwa natunga hotuba ya kumpa moyo. Ilikuwa hotuba nzuri, ya nusu saa hivi, yenye mifano. Haikutumika.

Nje ya boma alikuwa amekaa mzee mrefu, kajifunga shuka, fimbo kailaza mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi wa Tluway, mzee. Wa Masieda."

"Mbulu huko."

"Ndiyo mzee."

"Ninyi mnalima sana," akasema, kwa sauti ya kunipa pole.

"Namtafuta Leticia. Mimi ndiye dada mwenza wake, wa kompyuta."

"Ah! Mke wa mwanangu. Yupo, anakamua. Mimi ndiye baba yake Qamara, mume wake."

"Nashukuru kukufahamu. Nikuite mzee nani?"

"Gidadata. Lakini mnadani wote wananiita Mzee Data. Siku ukifika mnada wa Katesh, wewe sema tu unamtafuta Mzee Data. Hata mbwa atakuleta."

Nikakaa chini. Hakuna aliyekuwa amenikaribisha, nilikaa tu.

Wasomaji wa Hanang mmeshacheka, najua. Kwa wale wa mbali, ni hivi. Mwanamke wa Kidatoga akiolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Analizunguka. Anatafuta neno lingine la kuliweka hapo, na wanawake wenzake wanamwelewa, na maisha yanaendelea. Hii siyo siri. Sisi Wairaqw tumekaa nao jirani tangu mababu, tumeoana nao na tumegombana nao, na mimi nalijua jambo hili tangu nikiwa mdogo. Ila nilipoingia darasani kufundisha nililiacha nje, kwa sababu niliona kompyuta haina baba mkwe.

Leticia akatokea na kibuyu cha maziwa. Aliponiona hakushangaa. Akampa mzee maziwa huku kainamisha macho, akanipa ishara tuzunguke nyuma ya boma.

"Leticia, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba kuna neno huwezi kulisema."

"Ungeniuliza ni neno gani."

"Ningekuuliza, ndiyo."

"Halafu mimi ningekujibu nini, dada?"

Hata msamaha wenyewe nilitaka kuuomba kwa kulitaja.

"Wenzangu walinipigia," akasema. "Wakaniambia dada yako kamwambia mratibu kwamba wewe hujui. Mimi nilijua siwezi kulisema. Kwamba silijui, hilo nimelisikia kwako."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nimewahi kuachishwa kazi, nimewahi kuachwa na mwanamume mbele ya ukoo, na zote hizo nilipata mtu wa kumlaumu. Safari hii nilitafuta nikakosa.

"Unaitaka bado ile kazi?"

"Naitaka," akasema, na hapo sauti yake ikabadilika. "Naitaka sana, dada Severina. Shuleni nilikuwa naongoza hesabu. Nikaolewa, ikawa basi, hakuna aliyeniuliza tena kitu chochote cha kichwa. Pale Jorodom ndipo nikaulizwa tena. Hata wewe unavyofoka, unafoka ukiniuliza."

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akarudi Katesh. Mimi nikarudi kwa mzee.

"Mzee, samahani sana. Nilikuwa naomba umruhusu mke wa mwanao ataje jina lako. Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mara mbili, tatu. Ijumaa."

"Amtajie nani?"

"Kompyuta."

Mzee akanywa maziwa, akafuta mdomo.

"Kompyuta ya nani?"

"Ya watu wa Arusha."

"Siwafahamu," akasema. "Nitafikiri."

Nilipogeuka Leticia alikuwa amesimama nyuma yangu. "Dada," akasema taratibu, "hukupaswa." Kisha akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda, maana heshima ni heshima hata kwa mtu kama mimi.

Bwana Eliakimu nilimkuta anafunga ofisi. Nikamweleza yote. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Sasa Severina, jambo dogo kama hili si mngesema mapema?"

"Angesemaje, Bwana Eliakimu? Hebu jaribu wewe kulieleza bila kulitaja."

Akajaribu. Nilimwona midomo ikitikisika. Akakata tamaa, akampigia Madam Evelyne Arusha, akaniwekea spika. Na madam, wasomaji wangu, hakuwa na neno baya. Alicheka vizuri tu. "Kumbe! Mwambie asiwe na wasiwasi. Mila si tatizo kwetu. Aje na mbichi yake na zizi lake, nitamwelewa."

Nilitoka pale nikiimba. Nilimtumia Leticia ujumbe wa maandishi, maana ya sauti niliacha. Akajibu neno moja: "Nakuja."

Mngenijua msingeniacha niimbe.

Ijumaa asubuhi ukumbi ulijaa. Wanakundi wote walikuja, hata waliochujwa. Leticia alikaa mbele ya kompyuta ya mradi, kavaa vizuri, mtoto kamwachia bibi yake. Mimi pembeni yake, nimevaa gauni la kanisani. Na kwenye kiti cha nyuma kabisa, fimbo mkononi, alikuwa Mzee Gidadata mwenyewe. Bwana Eliakimu alimwuliza amekuja kwa ajili gani.

"Nimekuja kuona hiyo kompyuta inayotaka jina langu," akasema.

Madam Evelyne akatokea kwenye kioo, mama mchangamfu mwenye miwani mikubwa. Akauliza, Leticia akajibu. Mbichi ikaingia zizini, ikasafishwa, ikahesabiwa, ikaiva. Madam alikuwa anacheka mwenyewe na kuandika pembeni. Akaomba aoneshwe programu, Leticia akaiendesha, ikaenda bila kukwama. Akauliza swali gumu mpaka mimi mwenyewe nikaanza kutokwa jasho. Leticia akafikiri, akajibu.

"Nimeridhika," akasema Madam Evelyne. "Nimeridhika kabisa. Leticia, kwa upande wangu kazi ni yako."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja nyuma akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshamshika Leticia mkono, na alikuwa anatabasamu meno yote nje, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Kimebaki kitu kidogo," akasema madam. "Jina la mfumo limepitishwa jana. Na wewe kazi yako ya mwanzo ni kupokea simu za wafugaji, kwa hiyo kila simu unaanza na jina hilo. Ngoja nisikie sauti yako. Sema: Karibu Data Boma."

Vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

"Madam," akasema Bwana Eliakimu, "tulizungumza hili juzi."

"Tulizungumza kuhusu masomo, Eliakimu. Hili ni jina la mfumo. Jina lenyewe sikulichagua mimi."

"Hawezi kusema Karibu Boma, basi?"

"Simu zote zinarekodiwa na wafadhili wanazisikiliza. Mabango yamebandikwa tangu jana. Fulana zimechapwa." Alivua miwani. Niliona kwamba naye inamuuma. "Leticia, mara moja tu, nione kama utaweza."

Leticia akaangalia kucha zake.

Nyuma kiti kikatoa mlio. Mzee alikuwa amesimama.

"Mama wa Arusha," akasema, "anayeitwa hivyo ni mimi."

"Shikamoo mzee," akasema Madam Evelyne, na kwenye kioo akainama kidogo.

"Marahaba. Tangu juzi nafikiri. Nimemaliza." Akamgeukia Leticia, lakini alizungumza Kiswahili, ili sote tusikie. "Mke wa mwanangu, nimekuruhusu. Sema."

Nikajisemea, Mungu mkubwa, tumepona.

Leticia hakumtazama. Alizungumza huku anaangalia chini, ila kila mtu alimsikia.

"Baba, umeniruhusu wewe. Mimi sijajiruhusu."

"Ni kazi, mwanangu."

"Najua, baba. Naitaka sana. Lakini nimekuheshimu tangu siku niliyoingia bomani kwako, na heshima hiyo ni yangu, mimi ndiye ninayeitoa. Nikiiuza leo, kesho nitakupa nini?"

Mzee akabaki amesimama kidogo, akakaa. Macho yake yalikuwa yamelowa. Sijui alikuwa na huzuni au furaha. Nadhani zote mbili, na hakujua aanze na ipi.

Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumtikisa Leticia, na nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kuipiga teke ile kompyuta. Sikufanya hata kimoja. Nililinyoosha gauni.

Madam Evelyne akaivaa tena miwani yake.

"Sipendi ninachotaka kusema," akasema hatimaye. "Lakini Jumatatu simu zinafunguliwa na lazima kiti kiwe na mtu. Severina, upo hapo?"

"Nipo, madam."

"Ile sauti yako aliyonitumia Eliakimu. Nimeirudia kuisikiliza. Sauti safi, haikwami. Na lile neno unalitamka vizuri sana."

"Asante," nikasema, maana ndivyo nilivyofundishwa nyumbani mtu akikusifia.

"Kompyuta unaijua. Wafugaji unawajua. Umeolewa?"

"Hapana, madam."

"Baba mkwe unaye?"

Nikamkumbuka baba yake Kenneth. Mtu mzuri, anafuga nyuki. Sasa ni mkwe wa binamu yangu.

"Sina."

"Basi sema wewe. Karibu Data Boma. Ukisema, Jumatatu unaanza kazi."

Niwaambie ukweli, maana nimeshawaambia mengi mabaya zaidi. Niliitaka ile kazi. Niliwaza mshahara unaingia, niliwaza mama ananiona nimenenepa, niliwaza jembe likiota kutu nyuma ya mlango. Niliitaka pale pale, huku mkono wa Leticia bado umo mkononi mwangu.

Leticia akautoa mkono wake. Akakivuta kipaza sauti kilichokuwa mbele yake, akakisogeza mpaka chini ya kidevu changu, akakinyoosha vizuri.

"Sema tu, dada," akaninong'oneza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua. "Kwako ni neno tu."

Ukumbi mzima ukanitazama. Mzee Gidadata naye akanitazama.

Nikafungua mdomo. Halikutoka.

"Halo?" akasema Madam Evelyne. "Severina? Mbona kimya? Mtandao umekatika huko?"

Bwana Eliakimu akainama, akaangalia kompyuta, akaangalia waya, kisha akaniangalia mimi.

"Hapana, madam," akasema. "Mtandao uko vizuri kabisa."